Waliofurahi Kurudishiwa

Umeme ulikatika saa saba na nusu mchana, na mayai yalikuwa na siku kumi na tisa.

Shangazi Kalunde alivua kanga ya kichwani akaifunika mashine yake ya kutotolesha vifaranga, akaongeza blanketi, akaongeza gunia, kisha akageuza ndoo na kuikalia, macho kwenye sanduku kama mtu anayesubiri mgonjwa azinduke. Mayai mia moja na ishirini. Zimebaki siku mbili tu. Joto likishuka mno kwa muda mrefu, kinachobaki humo ndani ni harufu.

"Nyuzi thelathini na sita," Nyamizi alisoma kwenye kipimajoto.

"Usinisomee. Mimi nasoma kwa mkono."

Nyamizi Luhende alikuwa amekuja kumsalimia tu, ila alijua kwamba salamu haitapita bila maswali. Katika Mtaa wote wa Tufali, pale Tabora, yeye peke yake ndiye aliyekuwa mfanyakazi wa Mamlaka ya Mwanga, na shangazi yake hakuwahi kumsamehe kwa hilo.

"Wiki hii mara ya ngapi?" shangazi aliuliza.

"Ya nne."

"Ya sita! Nyie huko mnahesabu kwa vidole vya nani?" Aliingiza mkono chini ya gunia, akautoa. "Mimi sisahau, Nyamizi. Nilipokuwa msichana walituambia maji ya bwawa yamepungua. Mvua ikanyesha, wakasema maji yamezidi, yameleta tope. Ikaja gesi, bomba likapasuka. Wakaja kuchukua paneli zetu za umeme wa jua, eti ziunganishwe zote pamoja, tutauziwa kwa bei ya chini. Nikatoa mbili, kwa mikono yangu hii. Mwaka juzi nyani kapanda nguzo. Nyani mmoja kazima mikoa minne! Huyo nyani alisomea wapi?"

Nyamizi alicheka. Shangazi hakucheka.

"Na kila nikinunua umeme, wananikata tozo ya uhakika. Uhakika wa nini?"

"Wa mtambo wa akiba, shangazi. Ule wa kuwashwa siku ya shida."

"Kwa hiyo hii si shida."

Nyamizi akarudi kwenye kipimajoto. Nyuzi thelathini na tano. Thelathini na nne. Shangazi alimtuma alete maji ya moto kwenye chupa za soda, wakazipanga kuzunguka sanduku. Saa tisa kasoro dakika nane, taa ya jikoni ilipepesa, ikazima, ikawaka.

"Umerudiii!"

Mtaa mzima ulilipuka. Kinyozi wa kona alipiga sufuria. Watoto walitoka mbio wakirukaruka. Mama wa jirani alipiga vigelegele kana kwamba binti yake ameposwa. Na Nyamizi naye, mwanamke wa miaka thelathini na minne mwenye kitambulisho cha Mamlaka shingoni, alijikuta mikono iko juu, mdomo wazi.

"Na wewe unafurahia nini?" shangazi alimuuliza.

Nyamizi alishusha mikono. Ukutani, juu ya mlango, mita ya Mamlaka ilikuwa ikipepesa jicho lake la kijani, mara tatu, mara tatu. Alijua maana yake. Ilikuwa inasikiliza. Ilikuwa inakusanya.



*

Sasa elewa jinsi jambo hili lilivyopangwa, maana lilipangwa.

Baada ya ule mwaka wa giza kuu, watu walikaa barabarani siku arobaini. Hawakurusha jiwe. Walikaa tu, na masufuria yao matupu, mpaka wakapewa Sheria ya Kujibu. Sheria ilisema hivi: kila mwisho wa mwezi, saa kumi kamili jioni, kitasomwa Kipimo cha Ridhaa ya wananchi. Kikiwa chini ya sitini, Waziri wa Mwanga atasimama mbele ya watu ndani ya siku saba, kwa kiapo, mikataba ikiwa wazi mezani: nani anatuuzia umeme, kwa bei gani, na nani aliweka saini. Na mpaka atakapojibu, ule mtambo unaogawa umeme, unaoitwa Msawazo, utafungwa. Mtambo wa akiba utawashwa. Na kila laini, ya tajiri na ya maskini, itakuwa wazi.

Watu walicheza barabarani siku ile. Walisahau kuuliza kitu kimoja tu: hicho kipimo kitapima nini.

Kilipima sauti. Kila mita iliwekewa sikio. Umeme ukikatika, sikio lilifunguka kwa dakika mbili. Umeme ukirudi, lilifunguka kwa saa nzima. Hakuna aliyewahi kuhoji kwa nini furaha ipewe saa na uchungu upewe dakika mbili. Sauti zilikwenda kwenye Jumba la Masikio, na huko wasikilizaji wa kuajiriwa waliapa, wakasikiliza, wakazitia alama. Alama zilikuwa tano: furaha, ridhaa, utulivu, kero, hasira. Msawazo ulijifunza kwa alama hizo.

Miaka kumi na moja ilipita. Waziri hakuitwa hata mara moja.

Kesho yake asubuhi Nyamizi alifungua kumbukumbu ambazo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuzifungua. Aliweka michoro miwili sambamba: saa za kukatika na Kipimo cha Ridhaa. Alitegemea kwamba mmoja ukipanda, mwingine utashuka.

Ilipanda pamoja.

Alisogeza kiti mbali na meza. Akakirudisha. Akatazama mtaa mmoja mmoja. Kule Bustanini, kwenye majumba yenye betri zao wenyewe ukubwa wa jokofu, umeme ulikuwa haujakatwa kwa miaka sita. Kwa nini ukatwe? Kule umeme ukirudi hakuna anayejua kwamba uliondoka. Hakuna anayeshangilia. Mtaa wa Tufali ulikuwa wa kwanza nchini kwa kukatiwa, na wa kwanza nchini kwa furaha.

Mashine ile ya Msawazo haikuwa na ubaya wowote. Iliambiwa iongeze ridhaa, ikatafuta inakopatikana. Ikagundua kwamba mtu aliyenyang'anywa na kurudishiwa hupiga kelele za furaha kuliko mtu ambaye hakunyang'anywa kabisa. Basi ikanyang'anya.

"Bwana Ambindwile," alimwita mkuu wake wa kazi, mzee mnadhifu ambaye kalamu zake zilikaa mfukoni kwa kufuata urefu. "Msonyo tumeuweka kwenye alama gani?"

"Nini?"

Nyamizi alisonya. Mfyuuu, mrefu, wenye mkia.

"Aa, hiyo! Hizo ni kelele za chinichini. Huchujwa, pamoja na mbwa na pikipiki."

"Huchujwa?"

"Tangu mwanzo. Waliotengeneza masikio walisema si usemi."

"Bwana Ambindwile, mtu akikatiwa umeme mara ya elfu hasemi kitu. Anasonya. Hiyo ndiyo hotuba yake yote. Kumbe tumemsikiliza mtu huyu miaka kumi na moja tukimkata ulimi?"

Mzee alifunga mlango. Alikuja akasimama nyuma yake, akaitazama michoro kama mtu ambaye haioni kwa mara ya kwanza.

"Fungua sauti namba moja," alisema.

Nyamizi aliifungua. Mtaa wa Tufali, miaka kumi na moja nyuma. "Umerudiii!" Sufuria, watoto, vigelegele. Sauti ya kwanza kabisa ambayo Msawazo ulifundishwa, mama wa sauti zote. Alama: furaha, daraja la kwanza. Msikilizaji: N. Luhende.

Aliikumbuka siku hiyo. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, kazi ya kwanza, viatu vipya. Alisikia mtaa wake mwenyewe masikioni, akacheka kwa sauti, akatia alama bila kufikiri. Ingekuwa nini kingine? Watu walikuwa wanashangilia.

"Naomba kuifuta," alisema.

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ile haikuwa furaha. Ilikuwa afueni. Mtu akimwachia mwenzake shingo aliyokuwa ameikaba, huyo mwenzake atavuta pumzi kwa kelele. Utaandika kwamba amefurahi?"

"Afueni haimo kwenye orodha." Alisema polepole, bila ukali, na hilo ndilo lililomtisha. "Kifungu cha tisa, binti yangu. Aliyetia alama kwa kiapo, ikathibitika ni ya uongo, jela miaka saba. Ukiifuta, umekiri."

"Na Waziri je?"

"Waziri hakutia alama yoyote."

*

Hakuifuta. Aliogopa, hilo lisifichwe. Usiku huo na uliofuata hakulala sawasawa, akisikia mita ya chumbani kwake ikinyamaza. Alipopata ujasiri wa kwenda kwa shangazi, mayai yalikuwa yameshaanguliwa: vifaranga arobaini na mmoja. Waliobaki walizikwa nyuma ya choo ndani ya maganda yao.

Alimweleza yote, jikoni, redio ikiwa juu. Alidhani atatukanwa. Shangazi alisikiliza huku akichambua mchele, na alipomaliza ungo mzima ndipo aliposema:

"Kwa hiyo tunaadhibiwa kwa kushangilia."

"Ndiyo, shangazi."

"Basi hatutashangilia."

Ilikuwa rahisi kusema. Shangazi Kalunde alipita nyumba kwa nyumba kwa siku nne, kana kwamba anatangaza msiba. Siku ya mwisho wa mwezi, umeme ukirudi, mtu asitoe sauti. Asipige kofi, asiseme alhamdulillahi, asiseme hata "haya".

"Na watoto?" kinyozi aliuliza.

"Wajazwe ubuyu mdomoni."

"Na mke wangu?"

"Huyo mjaze wewe, kama unaweza."

Siku ya mwisho wa mwezi Nyamizi alikuwa zamu, mezani kwake, mbele ya ukuta mkubwa wenye taa ndogo moja kwa kila mtaa. Kipimo kilisoma sitini na mbili. Tufali walikatiwa saa sita, kama alivyotegemea. Mwisho wa mwezi mashine ilihitaji furaha ya uhakika. Saa tisa kamili ikawarudishia.

Alivaa vidude vya masikioni. Alisikia kuku. Alisikia jokofu likianza kunguruma. Alisikia mtoto mmoja, mbali, akisema "Umer—" na kiganja kikimfunika. Kisha hakuna. Mtaa wa watu elfu tatu umefumba mdomo. Nyamizi hakuwahi kusikia kitu kizito kama kile maishani mwake.

Sitini na moja. Sitini. Hamsini na nane.

Alikuwa bado anaitazama namba hiyo pale taa nyingine ukutani ilipozima. Mtaa wa Ngazi Tatu. Saa tisa na dakika kumi.

"Imeanza kutafuta kwingine," alisema Bwana Ambindwile nyuma yake. "Ulidhani itakaa na njaa?"

Ngazi Tatu walikuwa wa pili kwa furaha. Na Ngazi Tatu kulikuwa na zahanati. Kwenye karatasi zahanati ililindwa, ina laini yake ya pekee isiyokatwa. Kwenye nguzo, waya ulikuwa uleule wa mtaa, kwa sababu fedha ya waya wa pili ilikwenda ilikokwenda. Nyamizi alipiga simu. Ilipokelewa na mwanamke aliyekuwa anahema.

"Muuguzi Pelagia, zahanati. Sema haraka."

"Napiga kutoka Mamlaka. Una wagonjwa wa mashine?"

"Nina watoto njiti wawili wa oksijeni. Mashine imezima, mtungi wa akiba uliisha juzi. Nawapulizia kwa mkono, na pampu ni moja. Huyu, kisha huyu. Umeme unarudi saa ngapi?"

"Utaweza kwa muda gani?"

"Dada, usiniulize mimi muda! Nyie ndio wenye muda! Robo saa. Nimepiga simu gari la hospitali ya mkoa lije kuwachukua, lipo njiani, wanasema nusu saa."

Nyamizi alitazama saa. Ilibaki zaidi ya nusu saa hadi saa kumi. Saa kumi sheria ingefunga Msawazo na kufungua kila laini. Saa kumi Waziri angeitwa, kwa mara ya kwanza katika historia. Na robo saa ilikuwa robo saa.

"Mashine inataka furaha," alisema Bwana Ambindwile. "Wenye nayo unawajua. Tufali wanasikilizwa mpaka saa kumi."

Alimchukia kwa kusema kweli. Simu ya shangazi iliita mara moja tu.

"Tumeshinda?" shangazi alinong'ona. Kunong'ona, yeye!

"Shangazi. Pigeni kelele."

"Kelele za nini tena?"

"Kuna watoto wawili Ngazi Tatu. Imewakatia wao badala yenu. Ikisikia furaha yenu itawaachia. Shangazi, nakuomba. Dakika zinakwisha."

Nyamizi alisikia kitu ambacho masikio ya Mamlaka yalikuwa hayajawahi kukisikia: shangazi yake akisonya. Kisha sauti ileile iliyotembea nyumba kwa nyumba ikitangaza ukimya ikapaa juu ya mabati.

"Enyi watu wa Tufali! Pigeni kelele! Shangilieni! Msiniulize, shangilieni!"

"Shangazi vipi tena? Si ulisema—"

"Kinyozi, sufuria!"

Wakashangilia. Mwanzoni kelele zilikuwa mbaya, za kulazimishwa, kama watu wanaokohoa kwa pamoja. Kisha habari ya watoto ikapita kutoka uani hadi uani, na wanawake wakashika vigelegele kwa nguvu ya kutisha, huku wengine, ilisikika wazi kabisa, wakilia. "Umerudiii! Umerudiii!" Walishangilia umeme uliorudi dakika ishirini nyuma, ili uwarudie wengine.

Msawazo uliupenda wimbo huo. Hamsini na tisa. Sitini na moja. Sitini na tatu. Saa tisa na dakika ishirini na mbili, taa ya Ngazi Tatu ikawaka.

Na Ngazi Tatu wakalipuka, bila kuambiwa na mtu.

"Umewaka!" Pelagia alipiga ukelele kwenye simu. "Wote wawili wanapumua! Jamani, umewaka!" Naye alicheka, akacheka, akashindwa kuacha.

Sitini na sita.

*

Gari la hospitali liliwachukua watoto saa tisa na dakika arobaini na tano. Nyamizi alibaki kwenye simu mpaka aliposikia mlango wa gari ukifungwa. Ndipo alipokata, akageuka kwenye meza yake, akakuta sauti mbili zinamsubiri.

Hivyo ndivyo kazi ilivyokuwa. Msawazo wenyewe ulihukumu papo kwa papo, lakini sauti kubwa zisizo za kawaida uliziwasilisha kwa binadamu, na alama ya binadamu ndiyo iliyoingia kwenye hesabu ya saa kumi. Sauti ya kwanza: Mtaa wa Tufali. Sauti ya pili: Mtaa wa Ngazi Tatu. Chini ya kila moja, maneno matano.

Bwana Ambindwile alivuta kiti akakaa kando yake. Aliutazama mlango mara mbili, na Nyamizi alishangaa kuona kwamba naye alikuwa ameogopa, labda kwa miaka yote kumi na moja.

"Watoto wamepona," alisema mzee. "Umefanya vizuri. Sasa tia furaha, ukanywe chai."

"Nikitia furaha?"

"Sitini na sita. Mwezi umefungwa salama."

"Na mwezi ujao itajua kwamba pale penye zahanati furaha ni kubwa zaidi."

Mzee alitoa kalamu moja mfukoni, akairudisha.

Nyamizi alisikiliza sauti ya pili, yote, tangu mwanzo. Watu wanapiga makofi. Mtu anaimba. Juu ya wote kicheko cha Pelagia, kilichochukuliwa na mita ya ukutani. Hakukuwa na kelele ya furaha iliyo wazi kuliko ile. Angeuliza mtu yeyote mtaani, hii ni sauti gani, angejibiwa bila kusita. Alipokuwa na miaka ishirini na mitatu alisema aliyoyasikia, kwa moyo safi, na ukawa uongo uliokula mitaa mizima. Leo, ili aseme kweli, ilimpasa aandike kinyume cha alichosikia, kwa kiapo, akijua.

Aligusa neno la tano kwenye sauti ya kwanza. Hasira. Kwenye ya pili, hasira.

"Binti!" Bwana Ambindwile alisimama. "Hiyo ni furaha! Kila mwenye masikio anaisikia! Huo ni uongo wa kiapo, huo!"

"Keti, mzee."

Kisha akafungua sauti namba moja, ile ya viatu vipya, akaomba kuifuta alama. Mashine ilimuuliza kama ana uhakika. Ikamkumbusha kifungu cha tisa. Ikamtaka aweke kidole. Kidole kilikuwa na jasho, kikateleza. Alikifuta kwenye sketi, akakiweka tena.

Namba ukutani ilisita kwa muda mrefu. Miaka kumi na moja ya mafundisho ilikuwa inajipanga upya huko ndani, kelele moja baada ya nyingine. Sitini na sita. Sitini na moja. Hamsini na nne. Arobaini na tatu. Ilikuwa bado inashuka saa kumi ilipogonga.

Taa zote ukutani ziliwaka kwa pamoja, Tufali na Bustanini na Ngazi Tatu, rangi moja. Chini yake yakatokea maneno ambayo hakuna mtu wa zamu aliyewahi kuyaona: *Msawazo umefungwa. Mtambo wa akiba unaitwa.*

Wakasubiri. *Unaitwa*, ukuta ulisema tena. *Unaitwa.*

"Na kama haupo?" Bwana Ambindwile aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Umefikiria hilo? Laini zote ziko wazi. Kama haupo, nchi nzima inazima."

"Kama upo, utawaka. Kama haupo, tutakaa gizani wote pamoja, na kuna mtu atatueleza."

*Unaitwa.*

Mashine ya kuchapisha kwenye kona, iliyofunikwa plastiki tangu siku iliponunuliwa, ilianza kukoroma ndani ya plastiki yake. Bwana Ambindwile alikwenda akaifunua. Karatasi ilitoka taratibu, yenye nembo, yenye kichwa cha habari: *Watakaosimama Kujibu, kwa Mpangilio.* Aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena, kisha akamletea kwa mikono miwili.

"Jina lako limo humu," alisema.

Nyamizi aliipokea. Alisoma kuanzia jina la kwanza, la Waziri wa Mwanga, mpaka mwisho.

"Nimeliona," alisema. "Ni la pili."